Kitabu cha Darasani na Kuzaliwa kwa Jedwali la Elementi, 1858–1871

Katika vitabu vingi vya kemia vinavyotumiwa shuleni, jedwali la elementi huwasilishwa kama jambo lililokwisha kuthibitishwa mahali pengine, kisha likaletwa darasani likiwa kamili. Mwanafunzi hulikuta limebandikwa ukutani, akaelezwa safu na makundi yake, na jina la Dmitri Mendeleev likatajwa kwa sentensi mbili tatu, pengine pamoja na kisa cha ndoto. Insha hii inachunguza mwelekeo ulio kinyume cha huo, yaani kwamba jedwali lilitoka darasani kabla ya kurudi darasani. Hoja inayojengwa ni kwamba kazi tatu zilizoifikisha kemia kwenye sheria ya urudiaji wa sifa za elementi zilikuwa kazi za walimu waliokuwa wakihangaika na suala la kulipanga somo mbele ya wanafunzi. Kazi hizo ni muhtasari wa mihadhara wa Stanislao Cannizzaro (1858), kitabu cha nadharia cha Lothar Meyer (1864), na *Misingi ya Kemia* ya Mendeleev iliyotoka kwa sehemu kati ya mwaka 1868 na 1871.

Suala hili lina uzito kwa wanahistoria wa sayansi kwa sababu linagusa dhana iliyoota mizizi. Thomas Kuhn, katika kazi yake mashuhuri ya mwaka 1962 kuhusu mapinduzi ya kisayansi, alikiona kitabu cha kiada kuwa chombo kinachokuja baada ya mapinduzi: hukusanya matokeo, huyapanga upya, na kwa kufanya hivyo huficha njia iliyopitiwa. Maelezo hayo yanafaa kwa vitabu vingi. Hata hivyo, yakichukuliwa kuwa kanuni, mwalimu hubaki mpokeaji tu wa maarifa, na darasa huwa ghala la kuhifadhia vitu vilivyotengenezwa kwingine. Kisa cha jedwali la elementi hakikubaliani na mgawanyo huo wa kazi, na ndiyo maana kinastahili kusomwa upya kuanzia kwenye kurasa za vitabu vyenyewe.

Ili kuelewa ukubwa wa tatizo lililowakabili walimu hao, ni lazima kukumbuka hali ya kemia katika miaka ya 1850. Wanakemia hawakuwa na makubaliano kuhusu uzito wa atomi. Wapo waliohesabu oksijeni kuwa 8 na kuandika maji kwa fomula HO. Wengine walihesabu oksijeni hiyohiyo kuwa 16 na kuandika H₂O. Kaboni ilikuwa 6 kwa baadhi yao na 12 kwa wengine. August Kekulé, katika kitabu chake cha kemia ya ogani cha mwaka 1861, aliorodhesha fomula 19 tofauti zilizowahi kupendekezwa kwa kampaundi moja tu, asidi asetiki, ile inayoipa siki ukali wake. Kwa mtafiti mmoja ndani ya maabara yake vurugu hiyo ilivumilika, kwani aliweza kuchagua mfumo mmoja na kudumu nao. Kwa mwalimu ilikuwa adha ya kila siku. Mwanafunzi aliyesoma kitabu cha mwandishi mmoja na kuhudhuria mihadhara ya mwingine alikutana na lugha mbili zenye maneno yaleyale na maana tofauti.

Cannizzaro, Msisilia aliyezaliwa Palermo mwaka 1826, alikuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Genoa alipoamua kuikabili hali hiyo. Andiko lake, *Sunto di un corso di filosofia chimica*, lilichapishwa mwaka 1858 katika jarida la *Il Nuovo Cimento* kwa sura ya barua kwa mwenzake Sebastiano de Luca wa Pisa. Jina lenyewe linaeleza aina ya andiko: ni muhtasari wa kozi. Halina jaribio jipya, wala halidai ugunduzi. Linasimulia, somo baada ya somo, jinsi mwandishi wake alivyowafundisha wanafunzi wa Genoa, akianza na historia ya dhana ya Amedeo Avogadro ya mwaka 1811 kwamba ujazo ulio sawa wa gesi yoyote, katika joto na kanieneo zilizo sawa, una idadi iliyo sawa ya molekuli.

Mbinu aliyoijenga juu ya dhana hiyo ni nyepesi kiasi cha kushangaza. Chukua kampaundi nyingi za elementi moja zinazoweza kugeuzwa kuwa gesi au mvuke. Pima densiti ya kila moja ili kupata uzito wa molekuli yake, ukilinganisha na molekuli ya hidrojeni iliyopewa uzito wa 2. Kisha tafuta ni sehemu gani ya uzito huo inayotokana na elementi inayochunguzwa. Kwa kaboni, jibu huwa 12, au 24, au 36, na kuendelea. Haliwi kamwe 6 wala 18. Kiasi kidogo kuliko vyote ndicho uzito wa atomi. Mwanafunzi anayeweza kugawanya na kuzidisha anaweza kufuata hoja hiyo hadi mwisho bila kumwamini mwalimu kwa lolote. Nguvu ya *Sunto* imo humo. Dhana ya Avogadro ilikuwa imekaa karibu nusu karne bila kukubalika, na kilichoitoa mafichoni ni mpangilio wa somo.

Mkutano wa kimataifa wa wanakemia uliofanyika Karlsruhe tarehe 3 hadi 5 Septemba 1860, kwa juhudi za Kekulé, Charles-Adolphe Wurtz na Karl Weltzien, ulikusudiwa kumaliza mvutano huo. Haukuumaliza. Kinachokumbukwa zaidi ni kilichotokea mwishoni, pale Angelo Pavesi, rafiki wa Cannizzaro, alipowagawia wajumbe nakala za *Sunto*. Meyer aliondoka na nakala yake, akaisoma njiani na tena alipofika nyumbani, na baadaye alieleza kwamba mashaka yake yalimtoka na mahali pake pakaja uhakika uliotulia. Mendeleev, aliyekuwa Heidelberg kwa masomo ya juu, naye alihudhuria, na akamwandikia mwalimu wake wa St. Petersburg, Aleksandr Voskresensky, barua ndefu kuhusu mkutano huo, iliyochapishwa gazetini Urusi. Yafaa kuitazama barua hiyo ilivyo: mwanafunzi wa zamani anampelekea mwalimu wake taarifa kuhusu namba zipi zitumike.

Meyer alikuwa akifundisha Breslau alipochapisha *Die modernen Theorien der Chemie* mwaka 1864. Kitabu hicho kilikusudiwa kuwaeleza wasomaji nadharia mpya kwa mfumo uliounganika, na uzito wa atomi uliotumika ulifuata mbinu ya Cannizzaro. Ndani yake mlikuwa na jedwali la elementi 28 zilizopangwa kwa uzito unaopanda, huku zenye valensi sawa zikikaa safu moja. Alipohamia shule ya misitu ya Eberswalde aliandaa, mwaka 1868, jedwali pana zaidi kwa ajili ya toleo la pili. Toleo hilo lilichelewa hadi mwaka 1872, na rasimu ya jedwali aliyomwachia aliyemrithi kazi pale shuleni haikuchapishwa hadi mwaka 1895, miezi michache baada ya kifo chake. Mjadala wa nani alitangulia umejaa wino mwingi na hautarudiwa hapa. Linalohusu insha hii ni kwamba mshindani mkubwa wa Mendeleev alifika karibu na shabaha ileile kwa njia ileile, akiwa na kitabu cha kufundishia mkononi.

Mendeleev mwenyewe alikuwa mwalimu kwa kuzaliwa na kwa mafunzo. Alizaliwa Tobolsk, Siberia, mwaka 1834. Baba yake alikuwa mkuu wa shule ya sekondari ya mji huo. Mwaka 1855 alihitimu katika Taasisi Kuu ya Ualimu ya St. Petersburg, chuo kilichoanzishwa ili kuzalisha walimu, na kazi yake ya kwanza ilikuwa ya kufundisha sekondari kusini mwa dola, Simferopol na kisha Odessa. Aliporudi kutoka Heidelberg mwaka 1861 hakuwa na ajira ya kudumu, akaandika kwa kasi kitabu cha kemia ya ogani kilichompatia Tuzo ya Demidov. Mwaka 1867 akapewa nafasi ya uprofesa wa kemia iliyoachwa na Voskresensky katika Chuo Kikuu cha St. Petersburg. Urusi ya wakati huo ilikuwa katikati ya mageuzi yaliyofuata kukomeshwa kwa utumwa wa mashambani mwaka 1861, na vyuo vikuu vilikuwa vimepata sheria mpya mwaka 1863. Mendeleev aliona kwamba hakuna kitabu cha Kirusi kilichofaa kuwapa wanafunzi wake wa kemia ya jumla. Akaamua kukiandika.

Hapo ndipo penye kiini cha suala. Buku la kwanza la *Misingi ya Kemia* (*Osnovy khimii*) halina jedwali wala sheria inayolitawala. Mpangilio wake ni wa mwalimu anayeanza na vitu ambavyo mwanafunzi anavifahamu kabla hajaingia darasani: maji, hewa, vitu vinavyoungua, chumvi ya mezani. Maji yanafungua mlango wa hidrojeni na oksijeni, hewa unaleta naitrojeni, na vitu vya ogani vinaleta kaboni. Chumvi ya mezani inapochambuliwa humpeleka msomaji kwenye klorini, na klorini huwavuta ndugu zake, yaani florini, bromini na iodini. Ni njia nzuri ya kumshika mkono mwanafunzi asiyejua lolote. Lakini ni njia ya gharama kubwa. Kama alivyoonyesha mwanahistoria Michael Gordin katika utafiti wake wa mwaka 2004, buku zima lilimalizika likiwa limeshughulikia kwa kina elementi nane tu. Zilizojulikana wakati huo zilikuwa 63. Kwa hiyo elementi 55 zilibaki kwa buku la pili, ambalo halikuweza kuwa refu mara saba ya la kwanza.

Mwandishi wa kitabu cha nadharia angeweza kuukwepa mtego huo kwa kuchagua mifano. Mwandishi wa kozi ya jumla hakuwa na ruhusa hiyo, kwa kuwa mwanafunzi wa dawa, madini au kilimo angehitaji kujua kuhusu zinki, antimoni na manganizi, si kuhusu elementi zilizompendeza mwandishi tu. Mendeleev alihitaji kanuni itakayomwezesha kueleza elementi moja na, kwa kufanya hivyo, kueleza nusu ya habari za jamaa zake. Buku la pili lilianza na sodiamu, sehemu ya pili ya ile chumvi ya mezani, pamoja na metali nyingine za alkali. Sura hizo zilikuwa tayari mwanzoni mwa mwaka 1869. Swali lililofuata lilikuwa la kawaida kabisa kwa kila aliyewahi kuandaa mpango wa masomo: baada ya hapa, sura gani ifuate?

Jibu lilitafutwa kwa kulinganisha makundi, si elementi mojamoja. Katika kundi la halojeni uzito wa atomi ulikuwa hivi: florini 19, klorini 35.5, bromini 80, iodini 127. Katika metali za alkali, sodiamu ilikuwa 23, potasiamu 39, rubidiamu 85.4 na siziamu 133. Makundi haya mawili yana tabia zilizo mbali kama moto na maji. Hakuna mwanakemia aliyekuwa na sababu ya kuyaweka karibu kwa kuangalia sifa zake. Lakini yakiwekwa sambamba, kila metali inaizidi halojeni inayokabiliana nayo kwa kiasi kidogo: 4, kisha 3.5, kisha 5.4, kisha 6. Zikiongezwa metali za ardhi za alkali, yaani kalsiamu 40, strontiamu 87.6 na bariamu 137, hatua hiyo ndogo inajirudia tena. Kwa maneno mengine, swali la sura ipi ifuate lilikuwa limejibiwa na namba. Makundi yenyewe yalikuwa na mfuatano, na mfuatano huo ulikuwa wa uzito wa atomi.

Ushahidi wa kazi hiyo umo katika karatasi chache zilizohifadhiwa. Mojawapo ni barua aliyoletewa na Aleksei Khodnev, katibu wa Jumuiya Huru ya Uchumi, kuhusu safari ya kukagua viwanda vya jibini. Nyuma yake Mendeleev aliandika kwa haraka ulinganisho wa namna iliyoelezwa hapo juu. Jedwali lililokamilika, lenye kichwa kinachosema kuwa ni jaribio la mfumo wa elementi kwa msingi wa uzito wa atomi na ufanano wa kikemia, lina tarehe ya 17 Februari 1869 kwa kalenda ya zamani ya Urusi, sawa na 1 Machi kwa kalenda ya sasa. Zilichapwa nakala 200, yaani 150 za Kirusi na 50 za Kifaransa, ili zitumwe kwa wanakemia. Taarifa ilipowasilishwa mbele ya Jumuiya ya Kemia ya Urusi mwezi uliofuata, aliyeisoma alikuwa Nikolai Menshutkin. Mwenyewe alikuwa safarini kwenye viwanda vya jibini.

Kuhusu ndoto, machache yanatosha. Simulizi kwamba Mendeleev aliliona jedwali usingizini inatokana na mazungumzo yanayodaiwa kufanyika kati yake na rafiki yake, mwanajiolojia Aleksandr Inostrantsev, na ilichapishwa baada ya Mendeleev kufa mwaka 1907. Bonifaty Kedrov, aliyezichunguza nyaraka hizo kwa makini katikati ya karne ya 20, alilijenga tukio zima kuwa kazi ya siku moja yenye msisimko, huku Mendeleev akipanga kadi za elementi kama anayecheza karata. Gordin na wengine wameupunguza msisimko huo, na wana sababu. Siku moja inaweza kuwa siku ya kuandika jedwali. Haiwezi kuwa siku ya kukutana na tatizo, kwa maana tatizo lilikuwa limekaa mezani tangu buku la kwanza lilipozidi kurefuka. Ndoto hupendwa darasani kwa sababu ni fupi kusimulia. Madhara yake ni kwamba humwonyesha mwanafunzi ugunduzi usiokuwa na kazi ndani yake.

Hoja ya insha hii haina budi kupimwa dhidi ya ushahidi unaoipinga. Alexandre-Émile Béguyer de Chancourtois, mwanajiolojia wa Ufaransa, alizipanga elementi kwenye mstari unaoizunguka silinda tangu mwaka 1862, na hakuwa akiandika kitabu cha kemia. John Newlands, mwanakemia wa uchambuzi wa London, alitangaza mwaka 1865 kwamba sifa hurudi kila elementi ya nane kama noti za muziki. Aliposoma taarifa yake mbele ya Jumuiya ya Kemia ya London tarehe 1 Machi 1866, George Carey Foster alimuuliza kwa kejeli iwapo amewahi kuzipanga elementi kwa alfabeti. Ni wazi basi kwamba urudiaji uliweza kuonekana bila kitabu cha darasani. Mara baada ya Karlsruhe kutoa namba zinazoaminika, mtu yeyote mwenye karatasi na subira angeweza kuuona.

Kuuona, hata hivyo, hakukutosha. Kilichowatenganisha hawa watu ni walichokifanya na elementi zilizokataa kukaa vizuri. Newlands alizibana elementi mbili katika nafasi moja pale mpango wake ulipoelemewa. Meyer, mwaka 1864, aliridhika na zile 28 zilizotii katika jedwali lake kuu. Mendeleev alikuwa na wajibu wa kuzipa sura zote 63, na wajibu huo ndio uliomsukuma kuchukua hatua ambazo wengine waliziogopa. Pale uzito uliokubalika ulipoipeleka elementi mahali pasipo pake, aliushuku uzito. Beriliamu, iliyohesabiwa na wengi kuwa 14, aliishusha hadi karibu 9. Uraniamu, iliyokuwa 120, aliipandisha mwaka 1871 hadi 240. Pale teluriamu, yenye 128, ilipotakiwa kuja kabla ya iodini yenye 127, alifuata sifa za kikemia na kuweka alama ya kuuliza pembeni ya namba. Na pale mfuatano uliporuka, aliacha nafasi. Jedwali la mwaka 1869 lina alama za kuuliza zenye uzito wa 45, 68, 70 na 180, yaani sura za kitabu ambazo bado hazikuwa na mhusika. Ukamilifu unaodaiwa na mtaala, ambao kwa kawaida hutazamwa kama mzigo wa mwalimu, hapa ulifanya kazi ya ukali wa kisayansi.

Kuna jambo moja linalohusu lugha ambalo halipaswi kupita bila kutajwa. Makala ya Mendeleev ilitoka kwa Kirusi katika juzuu ya kwanza kabisa ya jarida la Jumuiya ya Kemia ya Urusi, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1868. Wasomi wa Ulaya Magharibi waliipata kwa ufupisho wa Kijerumani katika *Zeitschrift für Chemie*. Mfasiri wa ufupisho huo alilitafsiri neno la Kirusi lenye maana ya kurudi kwa vipindi kwa neno la Kijerumani *stufenweise*, lenye maana ya hatua kwa hatua. Tofauti yake si ndogo: kitu kinachobadilika hatua kwa hatua hupanda ngazi bila kurudi, ilhali dai zima la Mendeleev lilikuwa kwamba sifa hurudi. Meyer aliifahamu kazi ya mwenzake kwa kupitia ufupisho huo, na mgogoro wao wa baadaye ulichochewa kwa sehemu na neno hilo moja.

Kwa msomaji wa Kiswahili, kisa hicho kina mwangwi wa karibu. *Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia* iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990 ilikuwa jaribio la kuipatia sayansi msamiati uliosanifiwa, na neno *radidi*, ambalo baadhi ya waandishi wamelitumia kuutaja mfumo wa elementi, linabeba maana ya kurudiarudia ambayo Kijerumani cha mwaka 1869 kiliipoteza. Lakini kemia kama somo linalojitegemea huanza sekondari, na katika shule nyingi za Tanzania sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Tume ya Rais ya mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kiingie katika ngazi hiyo, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwanafunzi hulipokea neno la kigeni kwanza, na dhana humfikia baadaye, ikimfikia. Mendeleev aliandika kwa lugha ya wanafunzi wake, na Ulaya ikalazimika kumtafsiri.

Toleo la mwaka 1871 la jedwali, lililokaribia sura inayojulikana leo, liliambatana na utabiri wa kina wa elementi tatu zilizoachiwa nafasi, alizoziita eka-aluminiamu, eka-boroni na eka-silikoni kwa kutumia neno la Kisanskriti lenye maana ya moja. Galiamu ilipatikana mwaka 1875 na Paul-Émile Lecoq de Boisbaudran, ambaye kwanza aliipima densiti yake kuwa 4.7. Mendeleev, asiyewahi kuiona metali hiyo, alisema inapaswa kukaribia 5.9, na kipimo cha pili cha Mfaransa huyo kikatoa 5.9. Skandiamu ilifuata mwaka 1879, na jemaniamu mwaka 1886 kwa kazi ya Clemens Winkler. Utabiri huo ndio uliolipatia jedwali heshima miongoni mwa watafiti. Mwaka 1882 Jumuiya ya Kifalme ya London iliwatunuku Mendeleev na Meyer kwa pamoja Nishani ya Davy; Newlands aliipata miaka mitano baadaye.

*Misingi ya Kemia* iliendelea kuchapwa upya, na toleo la nane lilitoka mwaka 1906, mwaka mmoja kabla ya mwandishi wake kufariki. Katika matoleo hayo kitabu kilizidi kupangwa upya kulifuata jedwali, hadi ikawa vigumu kwa msomaji mpya kutambua kwamba jedwali ndilo lililozaliwa na kitabu. Hapa Kuhn alikuwa sahihi: toleo la baadaye lilifuta nyayo za toleo la awali. Mabaki ya mpangilio wa mwanzo, hata hivyo, hayajatoweka kabisa katika ufundishaji. Muhtasari wa somo la kemia uliotumika kwa miaka mingi katika sekondari za Tanzania kabla ya mabadiliko ya mitaala ya mwaka 2023 ulimtaka mwanafunzi wa kidato cha pili asome oksijeni, hidrojeni na maji kwanza, kisha muundo wa atomi, ndipo afike kwenye jedwali. Huo ni, kwa kiasi kikubwa, mpangilio wa mwaka 1868: kutoka kwa vitu vya kawaida kwenda kwenye kanuni. Mwalimu anayelifikia jedwali kwa njia hiyo anaweza kuwauliza wanafunzi wake swali lilelile, yaani elementi zilizobaki zipangwe vipi, kabla hajawaonyesha jibu. Mara nyingi bango lililo ukutani huwa limeshalitoa.

Mabango hayo nayo yana historia yake. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2019 kuwa mwaka wa kimataifa wa jedwali la elementi, miaka 150 tangu lile la kwanza. Safu ya saba ilikuwa imekamilika miaka mitatu nyuma, mwezi Novemba 2016, pale elementi za 113, 115, 117 na 118 zilipopewa rasmi majina ya nihoni, moskovi, tenesini na oganesoni. Mwezi Januari wa mwaka huo wa 2019, Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskoti, kilitangaza habari za bango la darasani lililokutwa mwaka 2014 wakati wa kusafisha stoo ya idara ya kemia. Limechapwa Vienna kwa Kijerumani, na karatasi yake ilikuwa imekauka kiasi cha kumeguka liliposhikwa. Umri wake ulikadiriwa kwa kusoma nafasi zake: galiamu na skandiamu zimo, jemaniamu haimo. Rekodi za fedha za chuo zinaonyesha kwamba Profesa Thomas Purdie aliliagiza kutoka katalogi ya Ujerumani mwezi Oktoba 1888, kwa bei ya Mark 3. Jemaniamu ilikuwa imekwisha kupatikana kwa zaidi ya miaka miwili, na wanafunzi wa Purdie walifundishwa wakiwa mbele ya bango ambalo nafasi ya eka-silikoni bado ilikuwa inasubiri.